Bi Nukta Juu ya Ghorofa ya Tisa

Watu wawili wanaweza kufanya kazi pamoja miaka tisa wasiwahi kula meza moja. Anayebisha aende kwenye kituo chochote kidogo cha hali ya hewa akaulize. Saa kumi na mbili asubuhi mmoja anaingia, mwingine anatoka. Saa kumi na mbili jioni aliyetoka anarudi na aliyeingia anakwenda zake. Wanapeana funguo mlangoni, wanaulizana habari za nyumbani, basi. Hivyo ndivyo Bi Nukta alivyomjua Bwana Mawingu, kwa dakika tano za asubuhi na tano za jioni, na bado alijiona anamjua kuliko alivyowahi kumjua marehemu mume wake.

Majina hayo walipewa na kazi. Yeye aliitwa Bi Nukta kwa sababu ukimwambia joto ni ishirini na tatu, atakuuliza, "Ishirini na tatu nukta ngapi?" Hata sokoni alikuwa hivyo, na wauza nyanya walimjua. Mwenzake aliitwa Mawingu kwa sababu ya maneno yake. Kila saa mtu wa zamu hutoka nje, hufungua kibanda cheupe cha vipimajoto, hupima na mvua kama imenyesha, hutazama juu, kisha huandika kila kitu kwenye kijidaftari cha mfukoni. Asubuhi anayeingia hunakili vipimo vya usiku kwenye kitabu kikubwa, na yule wa usiku huenda kulala. Sasa Bwana Mawingu, kila alipomaliza zamu yake, aliacha kwenye jani la mwisho la kijidaftari mstari mmoja usioihusu ofisi. "Mawingu ya leo yamechanwa na mtu mwenye haraka." Au: "Lile la magharibi limenuna tangu asubuhi, usiligombeze." Bi Nukta alikuwa akiusoma kabla hajavua hata koti. Kisha alilichana jani lile, akalikunja, akaenda nalo nyumbani. Kwenye kabati lake, chini ya mashuka, palikuwa na majani kama hayo zaidi ya elfu moja, na asikwambie mtu kwamba mwanamke wa miaka arobaini na sita hutunza karatasi elfu moja kwa sababu anapenda mawingu.

Mwaka huo ikaja barua. Kituo kitaletewa mashine inayojisomea yenyewe, usiku na mchana. Mtu mmoja atabaki kuitunza, mwingine atahamishiwa makao makuu. Kabla ya hapo, wote wawili waende mjini kwa mafunzo ya wiki moja, kituo kikishikwa na vibarua, na mkufunzi ndiye atakayependekeza nani abaki.

Nani abaki, nani aondoke, Bi Nukta hakujali sana. Alichotaka ni neno moja tu kutoka kwa yule mwanamume kabla hawajatenganishwa, kwa maana neno hilo likisemwa, mmoja akienda popote mwingine ana sababu ya kufuata. Lisiposemwa wiki hii, halitasemwa tena. Mdogo wake, aliyekuwa akimsuka usiku wa kuamkia safari, hakumzungusha.

"Dada, wiki nzima mji mmoja na Mawingu, hakuna zamu, hakuna funguo. Ukirudi mikono mitupu usinijie na machozi."

"Mambo hayataki haraka."

"Miaka tisa ndiyo haraka? Ngoja ngoja huumiza matumbo, dada. Inamisha kichwa."

Basi Jumatatu wakaingia darasani, na mambo yakaharibika kabla ya chai ya saa nne.

Kulikuwa na mwanamke kutoka kituo kingine, cha huko milimani, mnene kidogo, mwenye mwanya na kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Bi Nukta alimpa jina palepale, moyoni: Bi Kicheko. Bi Kicheko alikaa kushoto kwa Mawingu. Mawingu akasema kitu kwa sauti ya chini, na yule mwanamke akacheka mpaka mkufunzi akasimamisha somo. Jumanne akakaa palepale. Jumatano Mawingu alimshikia kiti. Bi Nukta, aliyekuwa kulia kwake, hakuwahi kushikiwa kiti tangu azaliwe, wala hakuwahi kutaka, lakini siku ile alikitaka kiti kile kuliko chakula.

Tatizo lake lilikuwa hili. Miaka tisa alikuwa amejiambia kwamba mwanamume yule ni mkimya, kwamba maneno yake ni machache na yote yanaishia kwenye kijidaftari, yaani kwake. Kumbe anayo mengi! Kumbe anaweza kuongea kuanzia saa mbili mpaka saa sita, tena na mtu aliyemjua juzi. Roho ilimuuma sana. Alianza kuhesabu, kama alivyozoea kuhesabu kila kitu: Jumatano peke yake, Mawingu alimwambia Bi Kicheko sentensi arobaini na moja. Yeye aliambiwa sita, na moja kati ya hizo ilikuwa "Nipitishie hicho kifutio."

Alhamisi jioni mkufunzi akasema, "Jamani, mmekuja mjini au mmekuja hosteli? Twendeni tukatembee." Wengi walibaki kutazama mpira. Wakatoka wanne: mkufunzi, Mawingu, Bi Kicheko na Bi Nukta, aliyevaa gauni la kijani alilolileta kwa ajili ya jioni kama hiyo na kulipiga pasi mara mbili.

Njia ya waenda kwa miguu ilikuwa nyembamba, ikabidi waende wawili wawili. Unajua tayari nani alikwenda na nani. Mbele, migongo miwili inapiga soga. Nyuma, Bi Nukta na mkufunzi, kijana mpole mwenye shahada mbili, akimweleza jinsi mashine inavyotuma vipimo bila waya. Bi Nukta aliitikia "Enhee" na "Kumbe" bila kujua anaitikia nini. Macho yake yalikuwa kwenye kiwiko cha Bi Kicheko, ambacho kila baada ya hatua kumi kiligusa mkono wa shati la Mawingu. Alitaka kujua kama kinagusa kwa bahati mbaya. Kwa hesabu yake, hakuna bahati mbaya inayotokea mara nane kati ya duka la viatu na duka la dawa.

Walipita mtaa wa maduka ya saa, ambako kila saa dirishani ilikuwa na wakati wake, na Mawingu akasema hapa mtu anaweza kuchelewa na kuwahi kwa pamoja. Bi Kicheko akacheka. Walivuka daraja la juu ya reli. Treni ilipita chini na daraja likatikisika. Bi Kicheko akapiga ukelele, akashika mkono uliokuwa karibu. Wa mkufunzi ulikuwa karibu pia, kama angeutaka.

Mbele ya jengo la benki palikuwa na bendera tatu, na hapo wote wanne wakasimama ghafla bila kuambiana, shingo juu, katikati ya njia. Watu waliokuwa nyuma wakawagonga. Wawili watatu wakasimama nao, wakatazama juu kuona kuna nini.

"Kaskazini mashariki," akasema Bi Kicheko. "Kilomita kumi na tano kwa saa."

"Kumi na mbili," akasema Bi Nukta.

"Dada, tazama ncha ilivyonyooka."

"Nimeitazama. Kitambaa ni chepesi. Kumi na mbili nukta tano, na hapo nimekuonea huruma."

"Haya, wewe ndiye mwenye upepo wako," akasema Bi Kicheko, akacheka, na Mawingu naye akacheka. Bi Nukta alitembea mtaa mzima uliofuata akitafuta kama walimcheka yeye.

Mkufunzi alikuwa na mahali anapopajua, mgahawa juu ya paa la jengo refu, ghorofa ya tisa, mtu anaona mji wote. Walipofika, lifti ilikuwa karibu kujaa. Ilikuwa na nafasi ya watu wawili. Mawingu na Bi Kicheko walikuwa mbele, wakaingia, na mlango ukajifunga juu ya kicheko kilekile.

"Tusubiri, inarudi sasa hivi," mkufunzi akasema.

"Wewe subiri," akasema Bi Nukta. "Mimi nina miguu."

Alipanda ghorofa zote tisa kwa ngazi. Hasira ilimpandisha mpaka ya tano. Kuanzia ya sita alipanda kwa ukaidi tu. Alitokea juu akihema, jasho limeloanisha gauni la kijani mgongoni, akakuta wenzake wote watatu wamekwisha kukaa. Kiti kilichobaki ndicho kilichoelekezwa kwenye jua. Akakaa. Mhudumu akaleta maji ya matunda. Mji ulikuwa chini yao, mapaa ya mabati na madirisha ya vioo, magari yamejipanga barabarani hayaendi, na juu ya vyote hivyo anga pana ambalo hakuna mtu mwingine pale juu aliyelitazama.

Wao walilitazama. Jua lilikuwa likizama na mawingu, yaliyofunika sehemu sita kati ya nane za anga, yalikuwa yameshika rangi. Mawingu aliegemea nyuma, akamwambia Bi Kicheko, "Unaliona lile la pembeni? Limevaa shati la kuazima. Kesho atakuja mwenyewe kulidai."

Bi Kicheko akapiga meza kwa furaha. "Ee! Hilo niandikie. Nikawasomee wenzangu kule mlimani."

Na Mawingu, bila hata kufikiri, akachukua karatasi ya kufutia mikono, akatoa kalamu mfukoni, akaandika.

Wengine huibiwa ng'ombe, wengine waume. Bi Nukta aliibiwa mstari mmoja kwenye karatasi ya kufutia mikono, na hakuna aliyewahi kuibiwa akaumia kuliko yeye dakika ile. Aliuangalia mwandiko ule, wenye mikia mirefu, herufi zilizolala kidogo, ukienda kwenye mkoba wa mwanamke mwingine. Alitaka kumuumiza Mawingu, akajua ana kitu cha kumuumizia. Alikuwa nacho miaka sita. Ulimi hauna mfupa.

"Mtunzie vizuri, mwenzangu," alisema kwa sauti tamu. "Huyu ni mpishi hodari. Si maneno tu, hata vipimo anapika."

Bi Kicheko alianza kucheka, akaona wengine hawacheki. Kupika kipimo, kwa watu wa kazi ile, si mzaha. Ni kuandika namba ambayo macho hayakuisoma.

Mkufunzi aliweka glasi chini. "Mama, unajua unachosema?"

"Nakijua kwa tarehe. Miaka sita iliyopita, mwezi wa nne, tarehe kumi na saba, saa kumi na moja alfajiri. Nilikikuta kipimo hicho nilipokuwa natengeneza majumuisho ya mwezi. Joto limekaa katikati kabisa ya lile la saa kumi na lile la saa kumi na mbili. Mgandamizo wa hewa, katikati. Unyevu, katikati. Lini mbingu zimewahi kugawanya nusu kwa nusu? Kitabuni mwandiko ni wake, na mwezi ule zamu zote, za mchana na za usiku, zilikuwa zake na kibarua wa kumsaidia. Nilimsitiri. Sikumwambia mtu."

"Pengo tunalisamehe," mkufunzi alisema polepole. Ule upole wa njiani ulikuwa umekwisha. "Mtu anaumwa, mtu analala, anaandika 'sikusoma'. Namba ya kupika hatusamehi. Mtu hufukuzwa kwa hiyo, na kesho ndiyo naandika ripoti yenu." Akamgeukia Mawingu. "Ni kweli?"

Mawingu alikuwa akifunga kifuniko cha kalamu. "Niliandika mimi," alisema.

"Kwa nini?"

"Niliandika tu, mwalimu. Sina la kuongeza."

Hakumtazama Bi Nukta. Bi Kicheko alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na Bi Nukta akaonja utamu wa kimya kile. Ulikuwa utamu wa kweli, nisimsingizie. Alikunywa maji yake ya matunda mpaka nusu ya glasi.

Lakini ndugu zangu, mtu aliyezoea kuhesabu hawezi kuacha. Akajiuliza kwa nini mwezi ule Mawingu alishika zamu zote. Kwa sababu yeye alikuwa kwenye msiba. Mume wake alizikwa tarehe mbili, siku ya jua kali, nyuzi thelathini na moja nukta nne. Ofisi ilimpa siku kumi na nne. Siku za matanga hazina tarehe, hulala na kuamka zikiwa zilezile, na hakuwahi kuzipanga kichwani mwake mpaka jioni hii. Mbili na kumi na nne ni kumi na sita. Jioni ya tarehe kumi na sita alirudi kazini, akaingia zamu ya usiku.

Alirudia hesabu. Ilitoka vilevile.

Usiku wa kwanza wa kurudi. Alikumbuka saa kumi, alitoka akasoma vipimo kwa tochi. Alikumbuka kukaa mezani. Kisha alikumbuka mwanga dirishani, koti la mtu mabegani mwake, na Mawingu amesimama na kijidaftari mkononi akisema, "Umesinzia dakika mbili tu. Cha saa kumi na mbili nimekwisha kukichukua. Nenda nyumbani." Akaenda nyumbani. Mawingu akabaki kunakili vipimo vya usiku ule kwenye kitabu kikubwa, na katikati yake palikuwa na pengo la mjane aliyelala kazini, wakati ambapo mkuu wao wa zamani alikuwa anatafuta mtu wa kupunguza.

Alimtazama Mawingu, na Mawingu alikuwa anatazama mji.

Angeweza kunyamaza. Vijidaftari vya mwaka ule vilichomwa zamani, hakuna duniani aliyejua ila wao wawili, na huyo mmoja alikuwa ameshakubali kubeba. Kesho mkufunzi angeandika, yeye angebaki na kituo chake, na Mawingu angefukuzwa. Aliwaza hivyo kwa muda unaotosha kumeza mate. Kisha akawaza kwamba Bi Kicheko akijua hili atamwona mwanamume huyu jinsi alivyo, na hata hapo, hata katika aibu ile, wivu ulimchoma tena.

"Mwalimu," alisema. "Zamu ile ilikuwa yangu."

"Mama?"

"Nililala. Nilikuwa nimetoka kuzika. Saa kumi na moja sikusoma kitu. Huyu alifika, akajaza pengo langu, na hakuniambia mpaka leo. Hata leo hajaniambia, nimehesabu mwenyewe. Andika jina langu."

Mkufunzi alipangusa paji la uso. "Nitaandika nilichosikia," alisema mwishowe. "Cha kwanza na cha pili. Wakubwa wataamua." Akainuka, akaenda kusimama ukingoni kwenye vyuma, akatoa simu asiyoihitaji.

Bi Kicheko naye alichukua mkoba. Kabla hajaondoka aliinama karibu na sikio la Bi Nukta. "Dada, mimi hucheka na kila mtu. Hata na mume wangu." Akaitoa ile karatasi ya kufutia mikono, akaiweka mezani, akaenda zake kwenye lifti. Bi Nukta hakuigusa.

Wakabaki wawili, meza moja, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa.

"Kwa nini ulisema?" Mawingu aliuliza. "Uliamini nilipika, sawa. Miaka sita umekaa nalo. Kwa nini leo?"

"Wivu," alisema Bi Nukta. Hakuwa na nguvu za kulitafutia neno lingine. "Nilikuonea wivu. Tangu Jumatatu."

Mawingu alitikisa kichwa taratibu. "Unajua kwamba unasoma namba kwa sauti ukiwa peke yako?"

"Mimi?"

"Kwa sauti. Na nukta zake. Mimi hufika robo saa kabla, nakaa kwenye ngazi ya nyuma, chini ya dirisha, nakusikiliza mpaka muda wa kuingia. Kila zamu. Siku ile nilikaa, nikangoja, sikukusikia. Ndiyo maana niliingia."

Bi Nukta aliisogeza glasi yake kando.

"Kwa yule mama nilikuwa nauzoeza mdomo wangu tu," akaendelea. "Sijui kuongea na mwanamke ana kwa ana, najua kuandika tu. Nikasema nijizoeze kwa mtu nisiyemwogopa. Keshokutwa kwenye basi, saa sita za njia, nilikuwa nimepanga nikwambie. Maneno nilishayapata yote."

"Niambie sasa."

Alimtazama hatimaye, na Bi Nukta akaona kwamba hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Maneno yale niliyapanga kwa ajili ya mtu ambaye akinikuta na kosa angeniuliza kwanza," alisema. "Ungeniuliza siku moja tu, Bi Nukta. Tunapeana funguo kila siku."

Alisogeza kiti chake nyuma kwa uangalifu, asikwaruze sakafu. Lifti ilikuwa imefika, mlango umefunguka na ndani hamna mtu. Aliipita, akashuka kwa ngazi, ghorofa zote tisa, na hakugeuka.